Eliya Chini ya Mretemu: Namna ya Kuwatia Moyo Viongozi wa Kanisa Waliochoka na Walio Wapweke



Utangulizi

Katika maombi ya waamini tumezoea kuwaombea wagonjwa, wasafiri, wajane, yatima na marehemu wetu. Ni mara chache kusikia ombi kwa ajili ya padri aliyechoka, au kwa ajili ya katekista ambaye usiku uliopita aliwaza kuacha kazi. Hatuwaombei hivyo kwa sababu hatudhani kwamba wanaweza kufika huko. Padri akiadhimisha Misa vizuri Jumapili, sauti ikasikika na mahubiri yakaeleweka, tunarudi nyumbani tukiamini kwamba yeye yuko salama. Jumatatu yake hatuijui.

Katika makala hii ninaposema viongozi wa Kanisa sizungumzii mapadre peke yao. Ninawazungumzia pia watawa, makatekista, wenyeviti wa vigango na viongozi wa jumuiya ndogondogo za Kikristo, yaani wote wanaobeba imani ya wengine pamoja na ya kwao. Nitaweka macho hasa katika Bariadi na mkoa mzima wa Simiyu, ingawa msomaji wa mahali pengine atakutana na watu anaowafahamu.

Hoja yangu ni hii: jambo tunaloliita kwa jina moja, "kuchoka", kwa kweli ni mambo matatu. Kuna uchovu, kuna ukavu wa roho, na kuna upweke. Kila moja lina dawa yake, na tatizo letu kubwa ni kwamba tunatoa dawa isiyohusika. Aliyechoka mwili tunamwambia asali zaidi. Aliyekauka rohoni tunampigia makofi. Aliye mpweke tunamshauri akapumzike peke yake. Kisha tunashangaa kwa nini hapati nafuu.

Shamba ni kubwa: hali ya utume Simiyu

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, makao makuu yakiwa Bariadi, na una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,140,497. Wengi wao ni Wasukuma, wakulima na wafugaji, na pamba ndiyo zao kuu la biashara. Kwa upande wa Kanisa, sehemu kubwa ya eneo hili historia yake inaanzia katika Vikarieti ya Kitume ya Maswa iliyoundwa mwaka 1950, ikawa jimbo mwaka 1953, na mwaka 1956 ikaitwa Jimbo la Shinyanga. Wamisionari wa Maryknoll kutoka Marekani walitumikia huku kwa miaka mingi, hadi mapadre wazalendo walipoongezeka na kuchukua majukumu.

Kazi ya utume katika mazingira haya ina uzito wake. Parokia moja huwa na vigango vingi vilivyotawanyika mbali. Barabara kuu ya Lamadi, Bariadi na Maswa ina lami, lakini ukishaiacha na kuingia ndani unakutana na udongo mweusi wa mbuga. Mvua ikinyesha, udongo huo hushika matairi ya pikipiki hadi yasizunguke. Padri anayetoka asubuhi kwenda vigango viwili anaweza kurudi usiku, ametapakaa tope, hajala, na mlangoni anamkuta mtu aliyekuja kuomba mpako wa wagonjwa kwa ajili ya mama yake.

Katekista naye ana mzigo wa namna yake. Watu wanamwita "mwalimu", na kweli ni mwalimu: anafundisha wakatekumeni, anaandaa watoto kwa Komunyo ya Kwanza, anaongoza ibada ya Jumapili padri asipokuwepo, anazika, anasuluhisha ndoa. Lakini pia ni mkulima kama wenzake. Wakati wa kupanda na kupalilia pamba, jirani yake yuko shambani tangu alfajiri, naye yuko msibani akiongoza sala. Mavuno yakifika, jirani anapima magunia na yeye anahesabu siku alizokosa shambani. Mke wake analiona hilo, na watoto wanaliona pia.

Tena katika vijiji vingi vya Usukumani Wakristo si wengi. Jirani wengi wanashika dini ya jadi, wengine hawana habari na kanisa. Kiongozi wa jumuiya anaweza kuitisha sala ya Alhamisi wakaja akina mama watatu na mtoto mmoja. Akiitisha tena wiki ijayo wanakuja wawili. Anaanza kujiuliza kama kuna mtu anayejali.

Lipo jambo jingine ambalo halionekani kwa urahisi. Msukuma akikutana na mwenzake njiani, salamu ni ndefu: mmeamkaje, watoto wazima, ng'ombe wazima, mvua imenyesha kwenu? Watataniana kidogo, watacheka, ndipo waachane. Akikutana na padri, salamu inakuwa fupi: "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele, amina." Kisha linafuata tatizo: Baba, mtoto wangu anaumwa, Baba, cheti changu cha ubatizo, Baba, mume wangu amerudia pombe. Hakuna aliyemkosea heshima. Lakini siku nzima hakuna aliyemuuliza kama yeye ameamkaje. Heshima tunayompa inaweza kuwa ukuta. Na kama ametoka mkoa mwingine na Kisukuma bado kinamshinda, basi hata vicheko vya watu nje ya kanisa baada ya Misa vinampita pembeni.

Nabii aliyeomba kufa

Maandiko Matakatifu hayafichi uchovu wa watumishi wa Mungu. Katika Kitabu cha Hesabu sura ya 11, Musa analemewa na taifa zima hadi anamwomba Mungu amwue kuliko kuendelea hivyo. Lakini habari inayotufaa zaidi ni ya nabii Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme sura ya 19.

Tukumbuke kwanza kilichotangulia. Katika sura ya 18 Eliya ameshinda. Juu ya mlima Karmeli moto umeshuka, manabii wa Baali wameaibishwa, na mvua imenyesha baada ya ukame mrefu. Kwa macho ya watu huyu ni mtumishi aliyefaulu kuliko wote. Siku inayofuata, baada ya kitisho cha malkia Yezebeli, anakimbia. Anafika Beersheba, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mti wa mretemu na kumwomba Mungu aitwae roho yake.

Mambo mawili yanafaa kuangaliwa. Kwanza, uchovu ulimjia baada ya mafanikio. Mara nyingi kiongozi huanguka baada ya jubilei kufana, baada ya kanisa la kigango kuezekwa, baada ya Pasaka. Wakati wa kazi nguvu zinashikiliwa na kazi yenyewe. Kazi ikiisha, ndipo mtu anahisi jinsi alivyotumika. Pili, alimwacha mtumishi wake. Mtu aliyechoka sana huanza kuwaacha watu waliokuwa naye. Hapokei simu, haendi kwenye mikutano ya dekania, anajibu kwa ufupi. Sisi tunasema "siku hizi Baba anaringa", kumbe yuko njiani kwenda kwenye mretemu wake.

Mungu anamtibu Eliya kwa hatua tatu, na hatua hizo zinalingana na yale mambo matatu niliyoyataja mwanzoni.

Hatua ya kwanza: usingizi na mkate

Eliya analala. Malaika anamgusa na kumwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, anakunywa, analala tena. Malaika anakuja mara ya pili na kumlisha tena kwa sababu safari ni ndefu. Mpaka hapo Mungu hajamkaripia hata kidogo. Hajamfundisha wala hajamwuliza swali. Amemlisha na kumwacha alale.

Hii ndiyo dawa ya uchovu. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, sehemu ya pili, swali la 38 la kitabu cha kwanza cha sehemu hiyo, anauliza ni vitu gani vinapunguza huzuni. Anataja furaha halali, machozi, huruma ya marafiki, kutafakari ukweli, na mwisho usingizi na kuoga. Sisi wanafunzi wa falsafa hucheka tunapofika hapo kwa mara ya kwanza, kwamba mwalimu mkubwa namna ile anaandika kuhusu kuoga. Lakini hoja yake ni nzito: mwanadamu ni roho na mwili katika umoja, hivyo kinachouburudisha mwili kinaifikia pia roho. Anayemwambia aliyekosa usingizi wiki nzima kwamba tatizo lake ni sala chache, anamfanya mwanadamu kuwa malaika, jambo ambalo Mungu mwenyewe hakulifanya kwa Eliya.

Wataalamu wa siku zetu wamefika karibu na hapo. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger alieleza hali aliyoiona kwa watu waliojitolea katika kliniki ya bure jijini New York: waliokuwa na moyo mkubwa kuliko wengine ndio walioishia kukauka kabisa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza dalili tatu za uchovu huo wa kazi: nguvu kuisha, kuanza kuiona kazi kwa mbali au kwa dharau, na kujiona huna unachofanikisha. Kiongozi wa Kanisa akiziona dalili hizo kwake, ajue kwamba hajapoteza wito. Amechoka.

Kanisa nalo limeweka kinga. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 533, inamruhusu paroko kuwa nje ya parokia kwa likizo hadi mwezi mmoja kila mwaka, na siku za mafungo hazihesabiwi ndani ya mwezi huo. Hivyo waamini tukisikia Baba Paroko yuko likizo tusinung'unike kana kwamba ametoroka. Kwa upande wa walei wanaojitoa kwa huduma ya Kanisa, kanuni ya 231 inasema kwamba wanayo haki ya malipo ya heshima yanayolingana na hali yao, wajitunze wao na familia zao, pamoja na kuangaliwa afya zao. Katekista anahusika hapa moja kwa moja. Mwaka 2021 Papa Fransisko, kwa barua yake Antiquum ministerium, aliifanya huduma ya katekista kuwa huduma rasmi katika Kanisa. Itakuwa ajabu kuifurahia heshima hiyo kanisani na kumwacha mwenye nayo bila bima ya afya nyumbani.

Hatua ya pili: sauti ndogo ya utulivu

Baada ya kula, Eliya anatembea siku 40 hadi mlima Horebu na kuingia pangoni. Sasa nguvu za mwili zimerudi, lakini moyo bado ni mchungu. Hapo ndipo Mungu anamwuliza anafanya nini mahali hapo. Upepo mkubwa unapita, tetemeko linapita, moto unapita, na Mungu hayumo katika hayo. Ndipo inakuja sauti ndogo, ya utulivu.

Hali ya Eliya pangoni inafanana na ile ambayo mababa wa jangwani waliiita akedia. Evagrio wa Ponto, mmonaki aliyeishi katika jangwa la Misri karne ya 4, aliiita pepo wa adhuhuri. Alieleza jinsi inavyomfanya mmonaki aone jua kama limesimama, achungulie dirishani kuona kama kuna mgeni anayekuja, achukie chumba chake na kazi yake, na kudhani kwamba upendo umekwisha kati ya ndugu zake. Mtakatifu Thoma baadaye aliieleza kuwa ni huzuni juu ya jema la kimungu: kile kilichokuwa furaha yako sasa kinakulemea. Breviari inakuwa kurasa tu. Mahubiri yanatoka mdomoni, si moyoni. Katekista anafundisha amri za Mungu kama anayesoma orodha ya bei.

Dawa ya ukavu huu si likizo nyingine. Mtu anaweza kwenda likizo mwezi mzima na kurudi na akedia yake kwenye begi. Wala dawa si sifa na zawadi, ingawa ni nzuri. Evagrio alishauri kubaki mahali pako, kuvumilia, kufanya kazi za mikono, kulia mbele ya Mungu. Eliya alitoa malalamiko yake kwa Mungu mara mbili, kwa maneno yale yale, na Mungu aliyasikiliza yote mawili. Anayekauka rohoni aseme ukweli wake mbele ya Sakramenti Kuu hata kama ni ule ule wa jana. Amtafute mlezi wa kiroho, aungame, afanye mafungo ya kweli. Asimwendee Mungu wa upepo na moto, yaani wa matukio makubwa na kelele, kwa kuwa huenda Mungu anamsubiri katika jambo dogo: maungamo ya bibi mmoja kigangoni, au mtoto aliyejua Salamu Maria kwa mara ya kwanza.

Hatua ya tatu: mwenzake aliyekuwa analima

Sikilizeni malalamiko ya Eliya pale pangoni. Anasema kwamba amebaki peke yake. Hilo ndilo jeraha lenyewe. Mungu anajibu kwa mambo mawili. Anamwambia kwamba wapo watu 7,000 katika Israeli ambao hawajampigia Baali magoti. Na anampa jina la mtu: Elisha. Eliya anashuka mlimani na kumkuta Elisha analima kwa jozi 12 za ng'ombe. Msukuma yeyote anaiona picha hiyo bila kuelezwa. Tangu siku hiyo Elisha anamfuata na kumtumikia, na katika Kitabu cha Pili cha Wafalme sura ya 2, Eliya anapomwambia abaki nyuma, Elisha anakataa kumwacha, si mara moja, bali mara tatu.

Upweke, basi, dawa yake ni mtu. Takwimu ya 7,000 inafariji, lakini hao 7,000 hawakumfuata Eliya njiani. Aliyemfuata ni mmoja. Padri anaweza kuwa na waamini maelfu na bado akawa mpweke, kwa sababu waamini wanamhitaji wote, lakini anayemjua ni nani?

Aristotle katika kitabu cha 9 cha Maadili ya Nikomako anauliza kama mtu mwenye heri anahitaji marafiki, na anajibu kwamba anawahitaji. Binadamu kwa asili yake huishi na wengine, na hata mema yake anayaona vizuri zaidi akiyashiriki na rafiki. Mtakatifu Thoma anaongeza kwamba rafiki hupunguza huzuni kwa njia mbili: anakuwa kama anayeshika upande wa pili wa mzigo, na kuwepo kwake kunatuonyesha kwamba tunapendwa.

Wasukuma walilijua hili bila kumsoma Aristotle. Katika kilimo cha jembe la mkono watu walisimama mstari mmoja shambani, ngoma ikapigwa, majembe yakapanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Kutokana na kazi hiyo tunayo bugobogobo, ngoma ya jembe, inayochezwa hadi leo. Jua lilikuwa lile lile na ardhi ilikuwa ngumu vile vile. Ngoma haikuondoa uchovu. Iliondoa upweke, na uchovu ukabebeka.

Kanisa nalo lina mfano katika ardhi hii ya Usukuma. Kardinali Charles Lavigerie, aliyeanzisha Shirika la Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadre Weupe, mwaka 1868, aliweka kanuni kwamba katika kituo cha misioni wasikae pungufu ya watatu. Kwa kanuni hiyo mashahidi wa Injili walifika hadi kusini mwa Ziwa Viktoria, na mwaka 1883 wakafungua misioni ya Bukumbi, karibu na Mwanza. Wakati ule wahitaji walikuwa wengi na wamisionari wachache kuliko leo. Ingekuwa rahisi kuwatawanya mmoja mmoja ili wafike mbali zaidi. Lavigerie alikataa. Alijua kwamba mmisionari aliye peke yake anafika mbali kwa muda mfupi, kisha hafiki tena. Bwana wetu mwenyewe aliwatuma wanafunzi wawili wawili.

"Lakini si ana Yesu?"

Wapo wanaosema: padri alichagua useja, sista aliweka nadhiri, wana Yesu, rafiki wa nini tena? Hoja hii inaonekana ya kiimani, lakini Yesu mwenyewe anaikataa. Usiku wa Gethsemane, yeye aliyekuwa mmoja na Baba, aliwachukua Petro, Yakobo na Yohane na kuwaomba wakeshe pamoja naye. Waliposinzia, aliumia. Mtume Paulo, katika sura ya 4 ya Waraka wa Pili kwa Timotheo, anaeleza kwamba Bwana alisimama pamoja naye; na katika sura hiyo hiyo anamsihi Timotheo aje upesi, kabla ya majira ya baridi, amletee joho na vitabu, kwa maana amebaki na Luka peke yake. Kuwa na Bwana hakukumzuia kumhitaji Timotheo, wala kuhitaji joho.

Hata watakatifu wameonja hali hii. Mtakatifu Yohane Maria Vianney, msimamizi wa maparoko, zaidi ya mara moja alijaribu kuondoka parokiani kwake Ars akatafute upweke wa sala, kwa jinsi alivyolemewa. Kila mara alirudi. Tusimdharau kwa kujaribu kuondoka, na tusisahau kwamba waamini wake walitoka kumtafuta.

Hapa tutofautishe upweke na faragha. Faragha ni kukaa peke yako kwa hiari ili uwe na Mungu, na baada yake unarudi kwa watu ukiwa umejaa. Upweke ni kukosa mtu hata ukiwa katikati ya watu. Faragha inalishwa na urafiki wa kweli. Upweke usiotibiwa hutafuta tiba za bandia: chupa, simu usiku kucha, mahusiano ya kificho, au kazi isiyo na mwisho. Hiyo ya mwisho tunaisifu, na ndiyo sababu ni ya hatari.

Tufanye nini?

*Sisi waamini.* Tuanze na salamu. Ukikutana na padri, sista au mwalimu wako wa dini, kabla ya tatizo lako muulize habari zake na usubiri jibu. Familia moja imkaribishe padri chakula, si kwa karamu ya jubilei yenye hotuba sita, bali ugali wa siku za kawaida, watoto wakicheza karibu. Halmashauri ya walei ijue tarehe ya likizo ya paroko na kumsaidia aipate. Wakati wa palizi, jumuiya ijipange siku moja ilime shamba la katekista. Kazi ya asubuhi moja kwa watu ishirini ni kazi ya majuma kwa mtu mmoja. WAWATA, UWAKA na VIWAWA wana uzoefu wa kutosha wa kujipanga. Hapa wanahitaji kuamua tu. Tena tukimkosoa kiongozi, tumwambie yeye, kwa heshima, kabla ya kuwaambia wengine wote.

*Viongozi kwa viongozi.* Kanuni ya 280 inawahimiza mapadre kuwa na namna fulani ya maisha ya pamoja, na kanuni ya 550 inataka paroko na wasaidizi wake washirikiane maisha katika nyumba ya parokia. Mwaka 2022 Papa Fransisko aliwaeleza mapadre juu ya aina nne za ukaribu: na Mungu, na askofu, na mapadre wenzao, na watu. Ukaribu huo haujengwi katika vikao vya ratiba pekee. Maparoko wawili jirani wanaweza kukubaliana mlo mmoja kwa wiki, bila ajenda. Makatekista wa vigango jirani wanaweza kukutana mara moja kwa mwezi wasali na kusimuliana. Huko ndiko kuitunza roho ya kanuni ya Lavigerie hata pale ambapo mapadre watatu hawapatikani.

*Wewe uliyechoka.* Jichunguze: ni uchovu, ni ukavu, au ni upweke? Waweza kuwa na yote matatu, lakini uanze na mkate, kama Eliya. Usingizi ukikosekana kwa majuma, ukapoteza hamu ya chakula na ya kuishi, nenda hospitali. Sonona ni ugonjwa kama malaria, na kuitibu si kukosa imani. Yethro alimwambia Musa waziwazi kwamba atajimaliza yeye na watu pia, akamshauri agawe kazi. Mgawie mwenyekiti wa kigango kazi iliyo yake. Na usimwache mtumishi wako Beersheba: yule mmoja uliyeacha kupokea simu zake, mpigie.

*Sisi mafrateri.* Urafiki tunaoujenga seminarini ndio utakaotuvusha tukiwa mapadre. Anayepita miaka yote ya malezi akijificha, asioneshe udhaifu kwa yeyote, anajizoeza upweke. Katika likizo za kichungaji tuwe Elisha kwa mapadre na makatekista wanaotupokea. Tukiona Baba amerudi usiku kutoka kigangoni, tuwe macho, tupashe chakula, tukae naye anapokula.

Hitimisho

Mungu hakumwondolea Eliya kazi. Alimrudisha kwa njia ile ile, na kazi bado ikiwepo: Yezebeli alikuwa hai na Baali bado alikuwa na wafuasi. Kilichobadilika ni kwamba Eliya alikuwa amelala, amekula, amesikia sauti ya Mungu, na sasa kulikuwa na mtu anayetembea pembeni yake. Ndivyo tunavyoweza kuwasaidia wachungaji wetu wa Bariadi, Itilima, Meatu, Maswa na Busega, na popote usomapo makala hii. Barabara za mbuga zitabaki na tope, na vigango vitabaki mbali. Lakini wiki hii yupo padri, sista au katekista mmoja unayemfahamu ambaye yuko chini ya mretemu wake. Mpelekee mkate, ukae naye kidogo, na Jumapili umtaje katika maombi ya waamini.

Mama Maria, Malkia wa Mitume, awaombee.